Kitenzi Kisicho na Ukoo

Dobi alikuwa na jibu la kumpa fundi magodoro, na jibu hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Halitoki, halishuki, na kila anayemtazama anamuuliza kama anaumwa.

Fundi alileta posa mwenyewe, bila kutuma mtu, siku alipokuja kuchukua vitambaa vyake vilivyokwisha kupigwa pasi. Alisimama mlangoni, pamba imemganda kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka njiani, akasema anataka waoane. Hakuzunguka mbuyu. Dobi alilipenda hilo. Alikwisha kuolewa mara mbili na wanaume wa maneno matamu. Wa kwanza alikufa na maneno yake, Mungu amrehemu. Wa pili aliaga kwamba anakwenda kununua kiberiti, na mpaka leo moto haujawaka. Mtu wa kusema haja yake kwa sentensi moja kisha akanyamaza alikuwa, kwake, mali adimu.

Tatizo lilikuwa nyuma ya ubao.

Chumba chake cha kazi kiligawanywa kwa ubao mwembamba. Mbele palikuwa na meza ya pasi iliyovishwa blanketi kuukuu, beseni la wanga, na mashati ya watu yakining'inia kwenye waya yakiwa yamefungwa vifungo mpaka shingoni, kama wazee waliokuja kusuluhisha ugomvi. Nyuma ya ubao palikuwa na kitanda kimoja, meza moja, taa moja, na mtoto wa kaka yake.

Dobi alimchukua mtoto huyo baada ya kaka yake kufariki, wakati huo mtoto akiwa wa kushika pindo la gauni asipotee sokoni. Sasa alikuwa na miwani, mvi za hapa na pale, na cheo: mhariri msaidizi katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Asubuhi alikwenda ofisini, alasiri alirudi na kazi yake nyumbani. Dobi alimwita Chujio, kwa sababu ukimwambia jambo, jambo lenyewe hupita lote likamwagika, yeye akabaki na maneno. Siku moja dobi alimwambia paa linavuja juu ya kitanda chake. Chujio akamwomba arudie, kwa vile hakuwa amewahi kusikia "linavuja" likitamkwa kwa uchungu kiasi kile. Siku nyingine alichemsha mayai mpaka yakaungua. Watu wengi huunguza wali, lakini mayai ya kuchemsha ni lazima uyadhamirie.

Ndiyo maana jibu halikutoka. Mtu kama huyo unamwachia nani?

Juma hilo Chujio alirudi kutoka kazini uso unang'aa.

"Nimepewa 'keep'," alisema, akavua viatu na kuviacha katikati ya njia.

"Kipu." Dobi alikuwa kwenye kola ya shati, anaivuta pasi kutoka nchani kwenda katikati ili isikunjamane. "Si ndicho cha golikipa?"

"Ndicho hicho."

"Basi nakijua. Maana yake ni mtu anayesimama kuangalia mpira unavyoingia."

"Huyo ni kipa wa mtaa wetu, Shangazi."

"Kamusi si ya mtaa wetu?"

Chujio alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa shamba. Kitenzi hicho, alieleza, kilikuwa kimewashinda watu wawili kabla yake. Waingereza wanakitumia kama sufuria moja ya kila pishi. Chumvi wanaikipu kwenye kopo, kuku wanawakipu bandani, siri wanaikipu, ahadi wanaikipu, mgonjwa wanamkipu kitandani, na mtu akichelewa wanamuuliza nini kimemkipu. Kwa Kiswahili kila kimoja kina chombo chake: chumvi unaiweka, kuku unawafuga, siri unaificha, ahadi unaitimiza.

"Na mgeni asiyetaka kuondoka?"

"Huyo anakipu kuzungumza."

"Sisi tunamletea kofia yake," dobi alisema, akageuza shati.

"Lakini kilichonipendeza zaidi ni asili yake. Vitenzi vingi vya Kiingereza vina ukoo. Ukienda lugha jirani unamkuta binamu, ukienda mbele kidogo unamkuta babu. Hiki hakina mtu. Kinatokea kwenye maandishi kama miaka elfu moja nyuma, tayari mtu mzima, tayari kina kazi zake, na wataalamu wamesaka kwao mpaka wamechoka. Wengine wanadhani kilikuwa cha watu wa kawaida tu, hakikai vitabuni, mpaka waandishi nao wakakihitaji."

"Kwa hiyo kimeokotwa."

"Tunaandika kwamba asili haijulikani."

"Ndiyo adabu ya ofisi ya kusema kimeokotwa." Dobi aliinyunyizia maji mikono ya shati. "Na zamani hizo kilikuwa kinafanya kazi gani?"

"Kukaa macho. Kuangalia. Kunyakua kitu na kukishika. Kutunza kulikuja baadaye."

Dobi aliacha pasi imesimama kwa kisigino chake. "Ndivyo inavyokuwa," alisema. "Hata wewe nilikunyakua kwanza. Shangazi zako wengine walikuwa bado wanakohoa na kutazamana. Kutunza nilijifunza njiani."

Alitazama kuona kama neno limefika. Chujio alikuwa ameinama, anaandika kwenye kikaratasi, anasogeza midomo.

"Umesema wanakohoa na nini?"

"Nenda kanawe mikono, ule."

Ofisi ile ya kamusi ilikuwa na sheria moja iliyowafanya watu wa mtaa waipende na kuiogopa: hakuna sentensi ya mfano iliyoruhusiwa kubuniwa mezani. Kila maana ilitakiwa ipate sentensi iliyotoka kwenye kinywa cha mtu aliye hai, katika shughuli zake. Wala hukutakiwa kumwambia mtu kwamba unamwandika, maana akijua ataanza kuzungumza kama anayepigwa picha ya pasipoti. Badala yake, ukurasa ukiwa tayari, wenye sentensi waliitwa ofisini kwenye kikao cha midomo. Walisomewa yote, kila sentensi na mwenyewe kwa kazi yake: dobi, muuza mayai, kinyozi. Mwenye mdomo ndiye mwenye mali. Akitaka inabaki, akitaka inaondoka, na mhariri mkuu hana la kusema.

Dobi alikuwa mgeni wa kudumu wa vikao hivyo. Kwenye herufi zilizopita alikuwa na sentensi nyingi kuliko mtu yeyote, na muuza mayai hakumsamehe kwa hilo.

Siku mbili tatu baadaye fundi magodoro alikuja tena. Safari hii hakuwa na vitambaa vya kuleta wala vya kuchukua. Alisimama palepale mlangoni, kofia mkononi.

"Habari za pasi?"

"Ina moto. Habari za pamba?"

"Nyepesi." Alikohoa. "Nilikuambia neno langu."

"Uliniambia, fundi. Nimelisikia, sijalimwaga na maji machafu."

"Sitakusukuma. Mimi si mtu wa kusukuma. Lakini usiniweke mlangoni mpaka miguu iote mizizi."

Dobi alishusha sauti. Nyuma ya ubao penseli ilikuwa inakwaruza, lakini hilo halikumtia wasiwasi. Chujio akiwa na maneno yake hasikii hata jirani akipiga kelele za mwizi.

"Ningekuwa peke yangu ningekwisha kufunga virago," alisema. "Lakini nina mtoto wa kutunza."

Fundi alitazama ubao, akatazama mashati kwenye waya kama anayetafuta wa kumshuhudia. "Mtoto," alisema polepole, "mwenye miwani ile?"

"Miwani haipiki."

"Hata mimi najua kupika, mama. Aje tule wote."

"Na usiku akiamka kutafuta neno akajigonga? Na bili? Yule anasoma bili ya maji kama shairi, halafu anaitupa." Dobi alichukua shati ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa pasi, akaanza kulipiga tena. "Nipe muda, fundi."

Alimpa. Aliondoka bila kununa, na hilo ndilo lililomuuma dobi zaidi. Mwanaume akinuna unapata pa kushikia.

Kikao cha midomo cha 'keep' kiliitwa Jumamosi mchana. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mkata vioo, kwa hiyo shughuli zote za lugha ziliendeshwa huku kioo kikilia chini kama paka anayekanyagwa. Mhariri mkuu alikuwa mzee mwembamba aliyezungumza kwa kusimamasimama, wakambandika jina Bwana Koma. Ukurasa ulitakiwa uende kwa mpiga chapa jioni hiyo, naye alikuwa amekaa na penseli yake nyekundu kama daktari wa meno.

Dobi alivaa gauni lake la kijani. Alipoingia alimwona fundi magodoro kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, nyusi safi, amenyoa.

"Na wewe umeitwa?" alimnong'oneza.

"Nimeitwa. Sijui nilisema nini."

Dobi alijiambia si kitu. Fundi ni mtu wa watu, huenda alisema neno dukani kwake.

Chujio alisimama na karatasi zake. Alianza na asili: kitenzi hiki, alisoma, kimezuka bila ndugu anayejulikana. Muuza mayai akauliza kama hakina hata mjomba, akaambiwa hakina, akasema pole zake. Kisha zikaja maana. Ya kuweka mahali: "Chumvi naiweka juu, mchwa hawapandi kwa heshima yangu," muuza mayai. Akaulizwa, akasema ibaki, akatazama huku na huku apongezwe. Ya kufuga: "Kuku ukimfuga kwa mapenzi utakula mboga za majani," muuza mayai tena. Ya kuendelea na jambo: "Mvua iliendelea kunyesha nami nikaendelea kuanua, tukaona nani atachoka," dobi. Ibaki. Watu wakacheka, muuza mayai akasema hiyo si sentensi, ni hadithi.

"Maana inayofuata," Chujio alisoma, "kumfanya mtu angoje. 'Sitakusukuma, lakini usiniweke mlangoni mpaka miguu iote mizizi.' Fundi magodoro."

Chini kioo kililia, kikakatika.

Dobi alitazama mikono yake. Muuza mayai alimtazama fundi, akamtazama dobi, akalitazama gauni la kijani, na hesabu ikamjia usoni waziwazi kama mkate unavyoumuka.

"Mlangoni kwa nani?" aliuliza kwa upole wa hatari.

"Kikao, hakiulizi, mahali," alisema Bwana Koma. "Fundi. Sentensi ni yako. Inabaki, au inaondoka?"

Fundi magodoro alisimama. Alikuwa na haki ya kuiondoa, na dobi aliomba kimoyomoyo aiondoe, kisha papo hapo akaomba asiiondoe, akajishangaa.

"Nilisema," fundi alijibu. "Ibaki."

Akakaa. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Chujio hakuona lolote kati ya haya. Alikuwa anaweka alama kwenye karatasi yake, ameridhika, kwa kuwa maana hiyo ilimtesa juma zima na sasa imepata mtu.

"Maana ya mwisho, kuangalia maisha ya mtu. Hii nimeipenda sana. 'Ningekuwa peke yangu ningekwisha kufunga virago, lakini nina mtoto wa kutunza.' Dobi."

Watu walitazamana kwa furaha wasiyotaka kuionyesha. Muuza mayai ndiye aliyeshindwa.

"Dobi, una mtoto? Tangu lini?"

Chujio aliinua kichwa, akashusha miwani kidogo. "Hata mimi nilitaka kuuliza," alisema. "Shangazi, ni mtoto gani?"

Kicheko kilianzia kwenye kiti cha muuza mayai, kikazunguka chumba, na kilipomfikia Bwana Koma kikamtoa machozi bila sauti. Dobi hakucheka. Alikuwa anaangalia uso wa mtoto wa kaka yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao aliona jambo likiingia mle bila kupita. Lilianza kwenye paji, likashuka. Chujio aliitazama ile karatasi. Akarudi kwenye karatasi ya juu yake, ya fundi. Akazisoma zote mbili tena, safari hii kama mtu anayesoma barua.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe, mwanangu," dobi alisema.

"Fundi anataka kukuoa."

"Ndivyo ulivyotutangazia."

"Nami nilikuwa nyuma ya ubao naandika." Alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo, na kwa bahati kilikuwepo. Kisha akasema, bila uchungu, kama anayesahihisha kosa dogo la chapa: "Mimi nilidhani ni mimi ninayekutunza wewe."

Hapo ndipo dobi alipocheka. "Unanitunza kwa chakula gani?"

"Ninarudi nyumbani kila siku," Chujio alisema. "Walinipa chumba hapa ofisini, kile cha nyuma, chenye jiko na bomba. Nilikataa. Nilisema nina shangazi, hapendi kula peke yake."

"Nani amekuambia sipendi kula peke yangu?"

"Ulisema wewe. Nimeiandika mahali."

Bwana Koma aligonga meza kwa penseli. "Ndugu zangu. Mpiga chapa, hangoji, ndoa. Dobi. Sentensi, inabaki, au inaondoka?"

Kila mtu alimtazama. Dobi aliwahi kufiwa, aliwahi kukimbiwa, aliwahi kumlaza mtoto wa kaka yake juu ya kapu la nguo kwa sababu mwenye nyumba alibadili kufuli, na katika mambo hayo yote hakuna aliyewahi kumuuliza kwa adabu namna hii kama analitaka au halitaki. Ilimtatiza. Akaitazama ile sentensi yake kwa macho ya ndani, jinsi anavyolitazama shati dhidi ya mwanga kutafuta doa, na doa akaliona. Yule mtoto alikuwa amekua zamani. Alikuwa amekua huku anaunguza mayai, lakini amekua, ana watu wanaomngoja afungue mdomo, ana chumba alichokataa kwa hiari yake. Aliyebaki nyuma ya ubao ni dobi mwenyewe. Mtoto ni neno zuri la kujikinga nalo. Hakuna mwanaume anayeweza kubishana nalo, hata yule asiye na haraka ya kwenda kununua kiberiti.

"Iondoe," alisema.

Fundi magodoro aliinua kichwa.

"Iondoe yote. Si ya kweli tena. Na ya fundi ikibaki," aliongeza, akiwa amemgeukia Bwana Koma ili asimtazame fundi, "muandike chini yake kwamba mlango umefunguliwa. Kama nafasi ipo."

"Nafasi, haipo," alisema Bwana Koma, lakini alikuwa anatabasamu. Alipitisha penseli nyekundu.

Muuza mayai alipiga vigelegele mpaka mkata vioo akapanda kuuliza nani kakatwa. Kisha akataka kujua kama fundi atajishonea godoro la watu wawili mwenyewe au ataliagiza kwa mwenzake, kwa ajili ya heshima. Fundi alisema la kwake tayari lipo, ni jipya, halijalaliwa. Alipoona wanavyomtazama, akatamani asingejibu.

Ikabaki shida moja. Kutunza sasa hakukuwa na mfano, na sheria ni sheria. Bwana Koma aliwaomba watu waseme kitu, chochote, kwa kawaida yao tu. Wakakaa wima. Muuza mayai alikunja mikono akatamka kwamba ni vyema kutunza mazingira, na hata yeye mwenyewe akaona aibu. Kinyozi, aliyekuja kwa sentensi ya kichwa kutulia, alijaribu kuhusu nywele. Mwishowe Bwana Koma akawaruhusu waende, kwa sura ya mtu atakayelala na ukurasa wenye tundu.

Waliteremka ngazi watatu, fundi mbele ili dobi akiteleza aangukie pamba, alivyosema mwenyewe. Chujio alikuwa katikati, amekumbatia karatasi zake. Kwenye kona ya ngazi alisimama, akamshika fundi bega.

"Fundi," alisema. "Nitunzie shangazi yangu. Asubuhi usimsemeshe mpaka chai iishe. Akianza kupiga pasi shati lililokwisha kupigwa, ujue kuna jambo, usimuulize, kaa tu karibu. Na akikutania sana anaogopa."

Dobi alikuwa ngazi mbili juu yao. Alitafuta neno la kurusha, neno lolote, lile la haraka ambalo halijawahi kumkosa. Halikuja. Alikuwa hajui kwamba kwa miaka yote ile, nyuma ya ubao ule, kuna mtu alikuwa anamwona.

Juu mlango ulifunguliwa. Kichwa cha Bwana Koma kilitokeza, penseli sikioni.

"Nani, amesema, hilo la kutunza?"

"Mtoto wa dobi," alijibu dobi.

"Mhariri msaidizi," alisema Chujio.

"Mwandike mtoto wa dobi. Mwenye mdomo ni wangu."

Bwana Koma aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Inabaki?" alimuuliza Chujio.

Chujio alisukuma miwani juu kwa kidole. Alifikiri, na safari hii hakuwa anafikiri maneno.

"Ibaki," alisema, "lakini ile ya kutania iondolewe. Hiyo ni ya nyumbani."

Kisha akamwuliza fundi, kwa kuwa jambo hilo limemjia sasa hivi, kama yai la kuchemsha huwa linawekwa maji kwanza au moto kwanza. Fundi akamweleza taratibu mpaka chini barabarani, na dobi akawafuata nyuma, hana haraka.